Besi ya baba mdogo: tupige randa shingo na kupaka rangi ya gari?

Shikamooni mafundi,

Nipo Uyole, Mbeya, ninapiga gitaa la besi kwaya ya kanisani. Baba mdogo amenikabidhi besi yake ya enzi za dansi. Imetundikwa ukutani miaka mingi, nyuzi zikiwa zimekazwa vilevile. Ina nyuzi nne na jina la kichwani limefutika. Rangi yake ni nyeusi pembeni, inaingia wekundu, halafu njano katikati, nayo imepasuka vinyufa vyembamba kama utando wa buibui. Pale mkono unapoegemea imelika hadi mbao inaonekana. Ubao wa vidole ni wa kahawia iliyokolea. Nilipofungua plastiki ya usoni nikakuta nyuma ya voliyumu zote mbili pamegongwa namba 1376632.

Shida zake: nyuzi ziko juu mno, kwenye freti (vile vyuma vya ubao wa vidole) ya 12 nimepima milimita 5 chini ya uzi mnene. Voliyumu zinakwaruza. Sauti ya nyuzi zote ni hafifu na nyembamba, kama redio iliyofungiwa chumba cha pili. Kuna mvumo mkubwa; nikishika nyuzi haupungui, nikishika chuma cha jeki (tundu la kuchomekea waya) unapungua.

Seremala wetu anasema atapiga randa ubao wa vidole mpaka shingo inyooke. Fundi redio anataka tuchimbe bodi kwa patasi tuweke pikapu (sumaku za kunasa sauti ya nyuzi) mpya za betri. Kijana wa gereji amejitolea kuipaka nyeusi ya gari. Nina laki mbili. Nianze na yupi?

Mpiga besi, Uyole

—

Marahaba. Mwambie seremala aweke randa chini, na wale wawili wasubiri kwanza. Kila ulichokitaja kinaelekea kutengenezeka bila kukata hata unyoya wa mbao. Halafu kwa namba uliyoiandika, huenda mmeshika kitu ambacho hakirudi kikishaharibiwa.

Namba ya voliyumu inasomeka hivi: 137 ni alama ya kiwanda cha CTS cha Marekani, 66 ni mwaka 1966, na 32 ni wiki ya 32 ya mwaka huo, yaani Agosti. Ukiunganisha na mpangilio wa rangi ulioueleza na voliyumu zake mbili (moja ya sauti, nyingine ya toni), picha inayokuja ni ya Precision ya kampuni ya Fender ya Marekani, besi iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1951, na tangu 1957 pikapu yake imegawanywa vipande viwili vilivyopishana. Namba hiyo inakuambia tu kwamba gitaa halikuunganishwa kabla ya Agosti 1966. Fender, wakati huo ikiwa mikononi mwa CBS walioinunua mwaka 1965 (hawa CBS si wale CTS wa voliyumu), ilikuwa na shehena kubwa ya voliyumu za 1966 na iliendelea kuzitumia miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo usimtangazie mtu mwaka kwa kutazama voliyumu peke yake.

Thibitisha kwa vitu viwili. Chukua tepu, pima kutoka ukingo wa ndani wa kizingiti cha nyuzi kule kichwani hadi katikati ya freti ya 12: inatakiwa milimita 432, kwa sababu urefu kamili wa uzi kwenye besi hii ni 864. Pili, utakapoivua shingo (utaivua tu, tutafika huko), tazama kisigino chake, yaani ule mwisho unaoingia kwenye bodi. Kuna muhuri wenye mwezi na mwaka, na herufi ya mwisho inaeleza upana wa kizingiti: A ni wa inchi moja na nusu, B ni inchi moja na tano ya nane, C ni inchi moja na robo tatu. Precision ya kawaida ya miaka hiyo ni ya B au C. Muhuri ukikosekana, usikate tamaa, wino hufutika. Lakini ukikuta skurubu zote ni za milimita na voliyumu za ndani zimebadilishwa, fikiria pia nakala za Japani za miaka ya 1970, ambazo ni nyingi, na baadhi ni magitaa mazuri kabisa. Ushauri wetu haubadiliki hata ikiwa ni mojawapo ya hizo.

Sasa, kwa nini randa ni hatari. Kuanzia mwaka 1962 Fender waliacha kuweka ubao mnene wa vidole. Wakaanza kubandika ubao mwembamba uliopindishwa kufuata mviringo wa shingo, wenye milimita chache tu. Mbao yenyewe ni ya ukoo mmoja na mpingo wetu, ngumu na nzito. Shingo yako ikiwa imepinda mbele na seremala akanyoosha kwa randa, atakula kingo mbili za mwisho mpaka atokeze upande wa pili, na freti zitakosa pa kushika. Na shingo itaendelea kupinda vilevile, kwa maana kinachoipinda ni mvuto wa nyuzi. Nyuzi nne za besi zikikazwa kwenye sauti zake huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 80. Dawa ya mvuto huo iko ndani ya shingo tayari: nondo ya chuma.

Kwanza pima upinde. Nenda gereji yoyote pale Mwanjelwa uazime filagaji, zile bapa za kupimia nafasi ya valvu. Kaza nyuzi kwenye sauti zake (E, A, D, G), bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na freti ya mwisho kwa mkono mwingine, mwenzako apenyeze bapa kati ya uzi na freti ya 8. Uzi uliobanwa hivyo ndiyo rula yako. Tunataka bapa la 0.30 lipite likigusa kidogo. Kwa besi iliyotundikwa miaka hiyo yote, usishangae likipita la milimita 1.

Kwenye besi hii nati ya nondo iko kwenye kisigino, imezama ndani ya bodi, ndiyo maana shingo lazima ivuliwe. Legeza nyuzi zote taratibu, fungua skurubu nne za bamba la nyuma, inua shingo wima bila kuitikisa kushoto na kulia. Tazama ndani ya mfuko wa shingo: ukikuta kipande cha karatasi ngumu au bapa jembamba, hicho kiliwekwa makusudi kurekebisha pembe. Kirudishe vilevile ulivyokikuta. Wengi hukitupa wakidhani ni uchafu, halafu wanahangaika wiki nzima na urefu wa nyuzi.

Nati ya nondo ina mikato ya msalaba. Tumia bisibisi bapa pana inayojaa mkato mzima. Ndogo itatafuna kingo. Tia tone moja la mafuta mepesi, subiri saa moja, kisha zungusha kufuata saa kwa robo mzunguko. Robo tu. Rudisha shingo, kaza nyuzi, iache usiku kucha kwa sababu mbao hutembea polepole, pima tena asubuhi. Rudia. Ni kazi ya kuchosha, unaweza kuvua shingo mara nne au tano, lakini nondo iliyokatika ndani ya shingo ya namna hii ni msiba.

Nati ikigoma, au ikifika mwisho na upinde bado upo, usiongeze nguvu. Nondo hii inavuta upande mmoja tu, na shingo iliyozoea kupinda inahitaji kusaidiwa. Vua shingo, ilegeze nondo. Chukua bomba la mraba la chuma lililonyooka, urefu wa sentimita 60 hivi, lilaze juu ya freti. Weka vipande viwili vya mbao vilivyofungwa kitambaa kati ya bomba na freti, kimoja karibu na kizingiti, kingine karibu na kisigino. Halafu funga klampu ya seremala katikati, ukivuta tumbo la shingo kuelekea kwenye bomba mpaka shingo inyooke na kuinama kidogo sana upande wa nyuma. Hapo ndipo ukaze nondo, sasa itazunguka bila kuteseka. Iache usiku mmoja kabla ya kufungua klampu. Seremala wako atafaa sana kwa kazi hii.

Tundu za skurubu za shingo zikiwa zimelegea, vijiti vya meno na gundi ya mbao vinatosha. Tundu likiwa limeoza, chonga kijiti cha mninga, kibandike, kitobolewe upya siku inayofuata. Usitumie mpingo hapo. Una mafuta ya asili, gundi haiushiki vizuri.

Upinde ukishakaa sawa ndipo ushushe nyuzi kwenye daraja. Vile vigogo vinne vya chuma vinavyobeba nyuzi vina skurubu ndogo mbilimbili. Zikiwa na kutu, vua vigogo, vilaze kwenye mafuta ya taa usiku kucha, sugua kwa mswaki wa zamani. Lenga milimita 2.5 chini ya uzi mnene kwenye freti ya 12 na 2 chini ya uzi mwembamba. Mwisho kabisa, linganisha sauti: piga uzi kwa kugusa tu juu ya freti ya 12, kisha bana freti hiyohiyo upige. Ikiwa iliyobanwa iko juu zaidi, rudisha kigogo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Usifanye hivyo kwa nyuzi zilizokaa miaka ukutani. Uzi uliochoka hauna sauti ya kweli, utasogeza vigogo mpaka mwisho wa skurubu na bado itakuwa ovyo.

Kwa hiyo fungu la kwanza la laki mbili zako ni nyuzi mpya. Agiza Dar es Salaam, seti ya besi ndefu ya inchi 34, unene 45, 65, 85, 105. Kwa kwaya na dansi, zile zenye mkanda bapa zinafaa sana: sauti ya duara, hazikwaruzi vidole wala freti. Ukifunga, pinda uzi kwanza ndipo ukate, ukiacha kama sentimita 11 kupita kigingi. Ukikata kabla ya kupinda, mkanda wa nje unajifungua kwenye kiini na uzi unakufa sauti siku hiyohiyo.

Tuje kwenye umeme. Kabla ya kugusa chochote, fundi umeme apime soketi na amplifaya ya kwaya kama waya wa ardhi upo na unafanya kazi. Tunasisitiza kwa sababu mvumo wako unaonyesha kwamba nyuzi hazijaunganishwa na ardhi ya gitaa: ukigusa jeki unapungua, ukigusa nyuzi haupungui. Maana yake waya mwembamba unaotoka chini ya daraja kwenda kwenye voliyumu umekatika au umeliwa na kutu. Ukishauunganisha, mwili wako utakuwa umeungana na chuma cha amplifaya. Amplifaya ikiwa inavuja umeme, siku utakayogusa maikrofoni kwa mdomo utaijua.

Amplifaya ikiwa salama, fungua daraja, futa kutu pale waya unapogusana na chuma, na ncha ya pili uichomee risasi palepale ilipokuwa nyuma ya voliyumu. Chuma cha wati 40 hadi 60, sekunde 3 au 4. Cha wati ndogo kitakaa muda mrefu kabla risasi haijayeyuka na kupika voliyumu.

Sauti hafifu inatutia shaka pikapu. Weka mita ya fundi redio kwenye omu, chomeka waya kwenye jeki, voliyumu wazi kabisa, pima kati ya ncha na mwili wa plagi. Pikapu nzima ya Precision husoma takriban kiloomu 10. Mita isiposoma hivyo na kukuonyesha kama kiloomu 250, basi unapima voliyumu tu, pikapu imekatika. Vipande viwili vya pikapu hii vimeungwa kwa mfuatano, kimoja kikikatika vyote vinanyamaza au vinatoa sauti nyembamba kama hiyo yako, na mvumo unaongezeka kwa sababu vinategemeana kuufuta. Pima kila kipande peke yake kwenye vitundu vyake viwili vya risasi: kila kimoja takriban kiloomu 5. Kisichosoma ndicho kibovu.

Usikasirike nacho. Waya wake una unene wa milimita 0.06, mwembamba kuliko unywele wako, na mara nyingi hukatika pale mwisho unapoingia kwenye kitundu cha risasi, mahali jasho na kutu hufika kwanza. Kwa kioo cha kukuzia na mwanga mzuri, fundi redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuupata ule mwisho, afungue mzunguko mmoja, aupeleke kwenye kitundu na kuuchomea kwa chuma cha wati 25, sekunde 2. Mkumbushe jambo moja: asizisukume zile sumaku za mviringo juu au chini. Waya umesukwa moja kwa moja juu yake. Sumaku ikisogea nusu milimita, inakata kabisa.

Mkatiko ukiwa ndani, kipande hicho kitasukwa upya. Mafundi wa kusuka mota wana ujuzi, ila waya walio nao dukani mara nyingi ni mnene mno. Hapo afadhali kununua pikapu ya kawaida yenye umbo lilelile la vipande viwili, inayoingia kwenye mashimo yaliyopo bila patasi, na ile ya zamani ihifadhiwe mpaka msukaji mwenye waya sahihi apatikane. Pikapu za betri ni nzuri kwa gitaa lililojengwa kwa ajili yake. Hapa zinahitaji shimo jipya la betri ya volti 9, na mbao iliyochimbwa hairudi.

Voliyumu zinazokwaruza zipulizie dawa ya kusafishia koneksheni kupitia upenyo ulio juu ya miguu mitatu, zungusha mara 40 kwenda na kurudi, acha zikauke. Usitumie WD-40, inaacha mafuta yanayonasa vumbi. Nyingi hupona. Iliyokufa kabisa ibadilishwe kwa A250K. Dukani utapewa B100K ya redio ukiambiwa ni sawa, nayo itaizima sauti kama umeifunika blanketi. Angalia pia mhimili: wa asili una milimita 6.35, wa Kichina una 6, kitasa kitacheza. Ile kapasita ndogo ya toni iache, mradi toni inabadilika ukizungusha.

Kuhusu rangi tutasema kidogo. Vile vinyufa si ugonjwa. Ni laka ya zamani ya nitro iliyokauka, na kwa wanaotafuta magitaa haya, rangi ya kiwandani iliyochakaa ina thamani kubwa kuliko rangi mpya ya namna yoyote. Ikishakwanguliwa bei inaweza kushuka hadi nusu. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo ya vyombo, kausha papo hapo. Thina inaiyeyusha. Hata mpira wa kitundikio cha ukutani unaiyeyusha polepole, kwa hiyo zungushia kipande cha kanga.

Na ukuta wenyewe uangalie. Mbeya mwezi Julai ni baridi kavu, Desemba ni mvua, na shingo inahisi yote mawili. Pima upinde mara mbili kwa mwaka, Julai na Desemba. Ukiona freti zinakwaruza kiganja pembeni wakati wa kiangazi, mbao imesinyaa. Usikimbilie tupa, subiri mvua uone. Kwaya ikishuka Kyela, mnateremka zaidi ya mita 1,000 kuingia joto la ziwani. Fika mapema, liache gitaa ndani ya mfuko wake lizoee hewa, kisha kaza nyuzi.

Kila utakachokitoa, iwe skurubu, waya uliokatika au kipande cha karatasi, kitie kwenye bahasha uandike kilitoka wapi na tarehe. Tuandikie ukishapata namba tatu: upinde kwenye freti ya 8, omu za kila kipande cha pikapu, na kilichoandikwa kwenye kisigino.